Hakuna Kitu Mkalanga

Sauti arobaini na moja zilitoka kwenye vipaza sauti vya Ukumbi wa Kamati, moja baada ya nyingine, na zote zilisema jambo lile lile.

"Kuna nini huko porini Mkalanga?"

"Hakuna kitu."

"Kuna nini huko porini Mkalanga?"

"Hakuna kitu, bwana. Majani tu."

Kila jibu lilipokwisha, mstari uliokuwa ukipita ukutani mbele ya wabunge ulibaki kijani, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kijani ni kweli. Nyekundu ni uongo. Sikio, mashine yenyewe, halijui rangi nyingine.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, kwenye kiti cha mshika-Sikio, helmeti kichwani, kioo cheusi kimenifunika uso mzima. Mshika-Sikio hana uso. Sheria inataka hivyo, ili anayehojiwa asimwone mtu wa kumpendeza wala wa kumwogopa. Hata sauti yake huchujwa, ikatoka kama sauti ya lifti inayotangaza ghorofa.

Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Salvina Ntibaluma, mama mwenye sauti nzito na kalamu isiyotulia, aliigonga meza.

"Waheshimiwa, mmesikia wenyewe. Wenye pori wamesema. Sisi ni akina nani tuwaambie kwao kuna kitu, wakati wao wanasema hakuna?"

Vicheko. Upande wa pili akasimama Mheshimiwa Kisuda, mpinzani mmoja mwembamba ambaye hajawahi kushinda kura hata moja humo ndani tangu achaguliwe.

"Mwenyekiti, naomba kuelewa. Watu arobaini na mmoja wanaacha wake zao, wanaacha waume zao, wanakaa miezi mitano porini kila mwaka, na huko hakuna kitu. Sasa wanafanya nini? Wanaanika meno?"

"Liulize Sikio, Mheshimiwa."

Vicheko tena, vikubwa zaidi. Maana Sikio haliulizwi. Sikio ndilo linauliza.

Wengi wenu ni vijana, hamkumbuki tulikotoka, na wakubwa wanapenda msikumbuke. Zamani, walipotaka ardhi ya watu, walikuja na mihtasari ya mikutano ya kijiji. Mikutano yenyewe haikufanyika. Waliosaini walikuwa wamekufa miaka sita, wengine kumi. Kuna marehemu mmoja alihudhuria vikao vitatu na akachangia hoja. Watu wakaandamana, watu wakapigwa, mwisho Serikali ikasema sawa, hatutaki karatasi tena, tunaleta mashine isiyohongwa. Tukashangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia, nikaenda kusomea kuishika.

Na kweli haihongwi. Unamfunga mtu bangili mbili mikononi na utepe shingoni, basi. Sikio halina habari na maneno yako. Linasikiliza damu inavyokwenda, koo linavyobana, jasho linavyotoka viganjani. Mwili uliotulia unasema kweli, mwili uliochachamaa unaongopa. Ndivyo walivyolifundisha.

Sasa ukaja Muswada wa kufungua maeneo yaliyohifadhiwa kwa uchimbaji wa mafuta na gesi, na ndani yake kifungu cha kumi na nne, kizuri kabisa ukikisoma haraka: pori lolote litafunguliwa ikiwa itathibitika kwa Sikio kwamba hakuna anayelitegemea. Pori la kwanza kwenye orodha lilikuwa Mkalanga. Gesi ilikwisha kuonekana chini yake. Kilichobaki ni watu waseme.

Mheshimiwa Ntibaluma akanigeukia.

"Mshika-Sikio. Kwa kiapo chako. Katika mahojiano haya uliona dosari yoyote?"

Kwa mujibu wa sheria, ushuhuda wa kijani haupingwi na mbunge, wala hakimu, wala aliyeutoa. Mtu mmoja tu anaweza kuuangusha: aliyeshika Sikio siku ile, akitamka kwamba aliona dosari. Na mtu huyo hafungwi bangili. Hapimwi. Sijui walisahau au hawakusahau.

"Hakuna dosari, Mheshimiwa," nikasema kwa sauti ya lifti.

Ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi. Kura ilipangwa Alhamisi.

Sauti ya kumi na saba kati ya zile arobaini na moja ilikuwa ya shangazi yangu.

*

Nimezaliwa Mkalanga, kambi ya asali. Mama alifariki mimi nikiwa sijaota meno, akanilea dada yake baba, Nyamizi, ambaye alinifunga mgongoni hata alipopanda juu ya miti kupakua mizinga. Najua mwiko wa kule kama ninavyojua kupumua. Tangu siku moshi wa kwanza unapowashwa hadi dumu la mwisho linapotoka porini, hakuna anayetaja hesabu. Huhesabu mizinga, husifu maua, husemi mwaka huu nyuki wamejaa. Ukiulizwa kuna nini, unajibu hakuna kitu. Mwenzako naye ni mrina asali, anaelewa, haulizi tena. Mgeni asiyeelewa shauri lake. Na anayejibu haoni kama anaongopa, hata kidogo. Ni adabu. Anaisema kama wewe unavyosema karibu mlangoni hata kama hujapika.

Ndiyo maana mstari ulibaki kijani. Mioyo yao ilikuwa shwari.

Nilijua palepale, kwenye jibu la kwanza. Ningeweza kuinua mkono, nikaandika kwenye fomu: msimu wa mavuno, warudiwe baadaye. Sentensi moja. Lakini fomu ingeuliza: umejuaje? Na mimi, kwenye fomu zote za maisha yangu, mahali pa kuzaliwa nimeandika mji wa wilaya. Shule ya bweni walikuwa wakiniita Moshi. Nikiingia darasani, wasichana walishika pua. Nilisugua nywele kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Nilipofika chuoni nikaapa hakuna atakayejua tena, na kweli hakuna aliyejua.

Kwa jambo hilo tu. Sikuhongwa, sikutishwa na mtu. Nimewatukana wanasiasa miaka mingi, nawakumbuka kwa majina na tarehe, nani aliahidi nini akiwa amesimama wapi. Siku yangu ilipofika niliuza pori zima ili nisinuke moshi.

Mahojiano yenyewe yalifanyika chini ya turubai, nje ya kambi. Kanuni inataka uulize mara tatu. Shangazi alipokaa mbele yangu alikichungulia kile kioo cheusi, akajiona mwenyewe, akatengeneza kilemba chake. Nikamuuliza mara ya kwanza. Nikamuuliza mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu akanisogezea kata ya maji.

"Kunywa kwanza. Umo humo ndani jua lote hili, utaiva kama kiazi."

"Kuna nini huko porini Mkalanga?" nikauliza.

"Hakuna kitu, mwanangu," akasema, akafunguliwa bangili, akaenda zake.

*

Jumanne nilikodi gari nikaenda. Kanuni inaruhusu mshika-Sikio kurudia ushuhuda ndani ya siku tatu baada ya kusikilizwa na Kamati. Nilibeba Sikio la mkononi, lile dogo kama redio, na nilikuwa nimejipangia njiani mpango safi kabisa: watarudia, safari hii kwa hesabu, mstari utakuwa kijani, ushuhuda wa kwanza utafutika, na mimi sitalazimika kusema lolote.

Kambi ilikuwa vile vile. Moshi wa vienge vya kufukizia nyuki, nta inachemka, watu wanachekana. Shangazi alikuwa amechuchumaa akishona kilindo, chombo cha asali cha gome la mti wa mtundu, sindano mdomoni.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka." Akaitoa sindano. "Huyu nani kaja porini na viatu vya harusi?"

"Mimi, shangazi. Kalekwa."

Alinyanyuka. Ilikuwa miaka tisa. Akaniangukia shingoni, akanipiga mgongo kwa kiganja chenye utomvu, akawapigia kelele wenzake: "Njooni muone! Yule niliyewaambia mtakuja kumsikia kwenye redio!" Wakaja. Kapela, mkubwa wa kambi, mtu wa miaka arobaini hivi mwenye sikio moja lililokatwa na tawi, akanizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Kweli mjini kuna chakula," akasema. "Lakini naona shingo imekuwa ngumu. Miaka tisa haigeuki huku."

"Mwache mtoto, Kapela."

"Mtoto gani? Huyu ana mvi kuliko mimi."

Walicheka. Nikacheka nao, na kucheka kwenyewe kuliniuma. Wakaleta uji wa ulezi wenye asali, na hakuna aliyetaja asali. Niliunywa wote kabla ya kusema. Hata hilo naliona aibu sasa.

"Shangazi, mwezi uliopita alikuja mtu kuwahoji. Mwenye kichwa cheusi."

"Lile jitu? Lilikuja. Linauliza kitu kimoja mara tatu kama mlevi."

"Lilikuwa mimi."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akakatiza.

"Wewe?" Shangazi aliweka kilindo chini. "Nilikupa maji."

"Ulinipa."

"Nikakuambia utaiva."

"Ndiyo."

"Na ulinijua?"

"Nilikujua, shangazi."

Hakuuliza kwa nini sikusema. Laiti angeuliza. Alishika sindano, akaitazama, akaichomeka kwenye kilemba.

Nikawaeleza yote haraka haraka: Muswada, kifungu cha kumi na nne, jinsi jibu lao lilivyochezwa mbele ya wabunge, jinsi walivyocheka. Nikasema Alhamisi wakipiga kura, kabla mvua hazijanyesha wataingiza mitambo, na miti yenye mizinga itakuwa barabara. Kapela alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Hawajui mwiko?"

"Hawajui."

"Wewe unajua."

"Najua."

"Sasa si uwaambie!"

Hapo ndipo nilipofikia. "Nikisema nilijua siku ile nikanyamaza, ni kosa la kiapo. Miaka mitatu jela. Lakini kuna njia nyingine. Mtu mmoja tu aseme tena, kwa hesabu. Mizinga mingapi, miti ipi. Sikio likipitisha, basi, imekwisha."

Wenye kazi mikononi waliiweka chini.

"Katikati ya msimu?" mama mmoja akauliza. "Unatuomba tuhesabu katikati ya msimu?"

Kapela akatikisa kichwa. "Anayehesabu anavuka kijito. Hili si langu, nimelikuta. Anakaa ng'ambo, hapewi moto, hapewi neno, mpaka siku ya kufa kwake. Nani atakayefanya hivyo? Mimi? Nina mtoto mchanga. Kalekwa, kwa nini usiende wewe huko jela, ukakaa mitatu, ukatoka?"

Ni swali zuri. Niliangalia chini, nikaona viatu vyangu.

Shangazi alinyanyuka kwa kushika magoti, akapangusa mikono kwenye khanga, akaja akakaa mbele yangu.

"Washa hicho kidude."

"Nyamizi!" Kapela akasema.

"Mimi ni mzee, ng'ambo hakuna simba. Washa, Kalekwa, kabla sijabadili mawazo."

Ningeweza kukataa. Nimelirudia hilo kichwani mara elfu, na kila mara mikono yangu inafanya vile vile ilivyofanya siku ile: ikachukua bangili, ikamfunga kulia, ikamfunga kushoto, ikampitisha utepe shingoni taratibu usimbane. Ilikuwa mikono ya mtaalamu.

"Kuna nini huko porini Mkalanga?"

Akafumba macho. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja ili wasisikie.

"Mninga wa njia panda," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mzinga mmoja. Mitundu ya bondeni... mitatu. Mtundu ule uliopigwa na radi, miwili. Kwenye msasa wa marehemu kaka yangu..." Akakunja vidole. "Minne."

Alihesabu mpaka sitini na tatu. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu, mabega yalimruka. Alipotaja mizinga aliyoninyweshea asali nikiwa mtoto, alilia kabisa. Na mstari kwenye kioo cha Sikio, tangu mninga wa njia panda, ulikuwa mwekundu. Mwekundu mpaka mwisho, umepanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Nilipaswa kujua. Ni kazi yangu. Mwili uliochachamaa unaongopa, ndivyo walivyolifundisha. Mwanamke anayevunja kitu alichokishika miaka sitini, akakivunja kwa mdomo wake, atakuwa na mwili gani? Sikio liliona aibu, likaandika uongo. Na kwa kuwa ni mashine isiyohongwa, lilikwisha kutuma matokeo kwa Kamati papo hapo.

Shangazi alifungua macho.

"Imekubali?"

"Imekataa," nikasema.

Hakuniuliza maana yake. Alijifungua bangili mwenyewe, akaziweka mapajani mwangu, akachukua sufuria yake moja na kigoda, akavuka kijito. Maji yalimfika magotini. Hakuna aliyemsaidia, na Kapela, ambaye alikuwa akimwita mama mkubwa, aligeuza uso.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Ntibaluma alikuwa na furaha.

"Waheshimiwa, kabla ya kura. Mmoja wa mashuhuda alirudiwa juzi, akadai kuna mizinga sitini na tatu. Sikio limethibitisha kwamba ni uongo mtupu. Kwa hiyo wanaochochewa huko nje waache. Ukweli tunao, umepimwa mara mbili."

Wakagonga meza. Nilivua helmeti.

Ni jambo dogo kulisema hapa. Mle ndani ilikuwa kama nimevua nguo. Hakuna mbunge aliyewahi kuniona, na wengine walishangaa kwamba ndani ya kile kichwa kulikuwa na mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizobanwa vibaya. Nilizifunga bangili mikononi mwangu mwenyewe, nikaupitisha utepe.

"Mshika-Sikio, unafanya nini? Rudisha kofia."

"Naomba nipimwe, Mheshimiwa. Kanuni haikatazi."

Karani wa Kamati akapekua kitabu chake, akapekua tena. "Haikatazi, Mwenyekiti. Haisemi kitu."

Nikavuta pumzi. Jina nililolitumia kazini lilikuwa la chuoni, zuri, la mjini. Sikulitumia.

"Naitwa Kalekwa. Nimezaliwa kambi ya asali, porini Mkalanga. Nimelelewa na shangazi yangu, mrina asali."

Nilisikia kicheko kikianza kabla sijageuka kutazama ukuta nyuma yangu. Mstari ulikuwa umewaka mwekundu kama pilipili.

"Mama huyu anaongopa jina lake mwenyewe!" mmoja akapiga kelele. Wakaangua. Mheshimiwa Ntibaluma alicheka mpaka akapangusa macho. Viganja vyangu vilikuwa vinachuruzika. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano ya kuficha sentensi ile, na mwili wangu uliitetea mpaka dakika ya mwisho.

Nikatoa kadi ya kliniki niliyoificha miaka yote. Kadi ya kartoni, imechakaa, ya gari la chanjo lililokuwa likipita porini enzi hizo. Nikaipeleka kwa karani kwa sababu sikuamini mkono mwingine. Akaingiza namba kwenye rejista. Akasoma. Akamtazama Mwenyekiti, akasita.

"Soma kwa sauti," akasema Mheshimiwa Kisuda.

"Kalekwa, jinsia ya kike. Mahali pa kuzaliwa: kambi ya asali, Mkalanga. Mlezi: Nyamizi. Kumbukumbu ni halisi, Mwenyekiti."

Kicheko kilipungua, kikabaki cha mtu mmoja kule nyuma, naye akanyamaza.

"Nimesema kweli," nikasema, "na Sikio limeita uongo, kwa kuwa naona aibu. Juzi shangazi yangu alisema kweli akiwa anavunja mwiko wake, nalo likaita uongo. Na mwezi uliopita watu arobaini na mmoja walijibu kama wanavyojibu kila msimu, kwa heshima, bila hofu, nalo likaita kweli. Sikio halijui kweli. Linajua nani ametulia. Hiyo ndiyo dosari. Na Jumatatu, Mheshimiwa uliponiuliza, niliijua."

Mheshimiwa Ntibaluma si mjinga. Aliutazama ukuta, ambao bado ulikuwa mwekundu, akagonga meza kwa kalamu.

"Waheshimiwa, tazameni. Anasema alijua, na mashine inasema anaongopa. Kwa hiyo hakujua. Kwa hiyo Jumatatu hapakuwa na dosari. Tuendelee na kura."

"Mwenyekiti," akasema Mheshimiwa Kisuda bila hata kusimama, "mashine hiyo hiyo inasema huyu mama hajazaliwa."

Safari hii walicheka wote, na mimi nilijua kicheko kimehamia upande mwingine. Hawakucheka kwa kunipenda. Mbunge anaogopa jambo moja tu, nalo ni kuonekana amedanganywa na redio.

Muswada haukupigiwa kura siku ile. Umerudishwa kwa wataalamu. Msidanganyike, haujafa, umelala tu, na nawajua walioulaza. Watauamsha na mashine mpya. Mimi nilitolewa na askari wawili, nikavuliwa kibali, nikasomewa shitaka la kiapo, nikapata dhamana mpaka kesi itakapotajwa. Nje ya lango walikuwepo vijana wenye mabango, wakanibeba juu wakiimba jina langu. Niliwaomba waniteremshe. Walidhani ni unyenyekevu.

*

Nilifika kijitoni Jumamosi, saa nne asubuhi, nikavuka. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ng'ambo, peke yake, anakula unga uliokorogwa kwa maji baridi. Hakuwa na moto, na kiberiti kule ni kosa kwa anayekaa ng'ambo.

Nikamweleza. Pori limepona kwa sasa. Alisikiliza akitafuna.

"Walikucheka?"

"Walinicheka."

"Sana?"

"Sana, shangazi."

"Vizuri." Akalamba kidole. Sikuona kama alikuwa ananikejeli au ananipoza. "Sasa nenda. Ukikaa na mimi hawatakusalimia."

Sikwenda mjini. Nilivuka maji kurudi, nikasimama katikati ya kambi, na viatu vyangu vya harusi vikiwa vinatoa povu. Kapela alikuwa anakamua nta. Hakuinua kichwa.

"Kapela. Aliyehesabu kwa kusukumwa, sheria inasemaje?"

Alikamua mpaka tone la mwisho. "Unaijua. Anarudi, akipatikana aliyemsukuma, na aliyemsukuma anashika nafasi yake. Lakini aseme mwenyewe, mbele ya watu, na watu wakubali kwamba ndiye."

Watu wakasogea. Wale wale walionipa uji. Bungeni nilikuwa na kadi, na karani, na kifungu cha kanuni. Hapa sikuwa na cha kushika.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimjua siku ya kwanza nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kujulikana nimetoka kwenu. Niliona aibu juu yenu. Kisha nikaja nikamtanguliza yeye ili nisifungwe mimi. Hakuna aliyenituma."

Mama mmoja, yule aliyeuliza juu ya msimu, alinikaribia, akaninusa shingoni kwa makusudi, kwa pua yake wazi, mbele ya wote. Akarudi nyuma.

"Ndiye," akasema. Wakaitika wote.

Vijana wawili walivuka kwenda kumchukua shangazi. Alikataa kushikwa mkono. Tulipishana majini, yeye anakuja, mimi ninakwenda, kigoda kimoja kikibaki ng'ambo kwa ajili yangu. Nilitaka aseme neno. Hakusema, alikwisha kuwa mtu wa kambi, na mimi mtu wa ng'ambo.

Ninaishi hapa sasa, mpaka mahakama iniite. Jana asubuhi alipita ukingoni akienda mizingani, kienge begani kinafuka. Alisimama mkabala nami. Akakigeuza upepo ukipige, akakipuliza, kikawaka moto waziwazi, hatua kumi na mbili kutoka miguu yangu, maji katikati. Alikishika hivyo muda mrefu, akinitazama; mwiko unakataza kunipa moto, haukatazi kunionyesha.

Sikuomba. Akakizima kidogo kwa majani mabichi, akaendelea na kazi yake.